Soketi na racheti za fundi wa nyumbani: ipi ununue, ipi uiache

Wengi wanaoanza kujitengenezea gari au pikipiki nyumbani huchagua soketi, yaani vikombe vya chuma vya kufungulia nati, kwa kuhesabu vipande. Kasha la vipande 216 likiwekwa pembeni ya kasha la vipande 40, na bei zikiwa zimekaribiana, mkono unakwenda kwenye lile kubwa. Naelewa kwa nini. Lakini soketi huchaguliwa kwa namna inavyoikamata nati, na wingi wa vipande haukuambii chochote kuhusu hilo. Soketi mbovu haikupotezei hela yake peke yake. Inakula kona za nati, na nati iliyoliwa kwenye kalipa ya breki au kwenye bomba la ekzosi inaweza kukugharimu kuliko kasha zima la vifaa. Utatafuta soketi maalumu za kung'olea nati zilizoliwa, utapasha moto, utatoboa kwa drili, na ukikosa bahati utabadilisha sehemu nzima ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo kila ninapolinganisha hapa chini, ninauliza hivi: kipi kinashika nati vizuri, kinahimili nguvu ya mkono, na hakikulazimishi kununua mara ya pili?

Mraba: robo, tatu kwa nane au nusu inchi

Nyuma ya kila soketi kuna tundu la mraba ambamo huingia mraba wa racheti, ule mpini wenye meno ndani na ulimi unaoyakamata, unaokuwezesha kukaza au kufungua bila kuivua soketi. Kipimo cha mraba huo hutajwa kwa inchi dunia nzima, hata kama soketi yenyewe ni ya milimita. Ndiyo maana utaona soketi ya 14 mm iliyoandikwa 3/8 pia. Hakuna kosa hapo.

| Mraba | Kazi zake | Soketi za kawaida |
|---|---|---|
| 1/4 (6.3 mm) | dashibodi, klipu za hosi, vifuniko, nyaya za betri | 4 hadi 14 mm |
| 3/8 (9.5 mm) | injini, plagi, oili, breki nyingi | 8 hadi 19 mm |
| 1/2 (12.7 mm) | tairi, miguu ya gari, shafti | 10 hadi 32 mm |

Ukiwa na hela ya mraba mmoja tu, chukua 3/8. Mpini wake wa kawaida una sentimita 18 hadi 20, unapenya katikati ya injini, na bado una ubavu wa kutosha kwa kazi nyingi. Bolti ya kumwagia oili kwenye magari madogo mara nyingi hukazwa kwa Nm 25 hadi 40 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na plagi kwa Nm 15 hadi 30. Hizo zote ni kazi nyepesi kwa 3/8.

Robo inchi ni tamu kwa bolti ndogo kwa sababu mpini mfupi unakupa hisia mkononi. Bolti ya M6 (unene wa uzi wake ni milimita 6), ile yenye kichwa cha 10 mm iliyojaa kila kona ya injini, inahitaji takribani Nm 10 tu. Ukiikaza kwa racheti ya nusu inchi, unaweza kuikata au kung'oa nyuzi zake kwenye alumini kabla mkono haujahisi kitu.

Nusu inchi ndiyo yenye nguvu, lakini hapa nina ushauri ambao wauzaji hawaupendi: usianze na racheti ya nusu inchi, anza na pawabaa. Pawabaa ni mpini mrefu wenye kichwa kinachopinda, ndani hauna meno wala ulimi. Fanya hesabu uone. Nati za tairi za magari madogo hukazwa kati ya Nm 90 na 140, na nati ya shafti ya gurudumu la mbele inaweza kupita Nm 200. Kuifungua nati ya Nm 200 kwa mpini wa sentimita 20 kunataka uzito wa karibu kilo 100 mwishoni mwa mpini. Kwa pawabaa ya sentimita 60, kilo 34 zinatosha, na mtu wa kawaida anazimudu akiwa amesimama vizuri. Hiyo ni nati ambayo bado haijashika kutu. Yenye kutu inadai zaidi.

Anayekosa pawabaa huishia kuvalisha paipu kwenye mpini wa racheti. Nguvu yote inakwenda kwenye meno mawili matatu na ulimi mdogo usiozidi kucha ya kidole, kitu ambacho hakikutengenezwa kubeba mzigo huo. Racheti ni ya kuzungusha. Kazi ya kulegeza nati iliyogoma uipe pawabaa, kisha chukua racheti kumalizia.

Kona 6 au kona 12

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa sababu kosa la hapa ndilo linaloua nati.

Kichwa cha nati ya kawaida kina kona 6. Soketi ya kona 6 inakaa juu yake kila baada ya nyuzi 60 za mzunguko, na ya kona 12 kila baada ya nyuzi 30. Kwa hiyo ile ya kona 12 ni rahisi kuivalisha pale usipoona vizuri. Faida hiyo ni kubwa kwenye ring spana, ambayo mpini wake umeganda na lazima uupatie nafasi ya kuanzia. Kwenye soketi faida inapungua sana, maana racheti yenyewe inazunguka na kukuachia uilenge nati utakavyo.

Hasara yake ni hii. Soketi ya kona 12 inaigusa nati karibu kabisa na ncha ya kona, sehemu yenye chuma kidogo. Soketi ya kona 6 inaegemea ubavu wa nati, na ukuta wake una nyama zaidi. Nati ikiwa mpya na safi, zote mbili zitaifungua. Lakini nati iliyokaa chini ya gari miaka kadhaa imeliwa na kutu, na ile ya 13 mm sasa inaweza kupima 12.7. Hapo kona 12 inaruka, inasikika *tak*, na kichwa kimekwisha kuwa mviringo. Pigo la pili huwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu sasa hakuna kona ya kushika.

Kuna jambo lingine linalopuuzwa: umbo la ndani. Soketi ikielekezwa kwenye mwanga, tazama kona zake. Zilizotengenezwa vizuri zina kona zilizochimbwa kidogo kuelekea nje kama vijifereji, ili ncha ya nati isiguse chochote na nguvu iende ubavuni. Kampuni ya vifaa ya Snap-on ililipa wazo hilo jina la Flank Drive miaka ya 1960. Leo watengenezaji wengi wana umbo linalofanana, kila mmoja na jina lake, hata kwenye soketi za bei ya chini. Ukiona kona za ndani ni kali na zimenyooka kama zimekatwa kwa msumeno, hiyo ni ya zamani au ya mtu asiyejali.

Tazama mdomo wake pia. Soketi nyingi zimechongwa mteremko kwenye ukingo ili iingie kwa urahisi. Mteremko mdogo ni sawa. Ukiwa mpana, milimita mbili tatu za mwanzo hazishiki kitu, na kwenye nati nyembamba unaweza kubaki unashikilia nusu tu ya kimo chake.

Nunua kona 6 kwa soketi zako zote za kila siku. Kona 12 uitafute kwa sababu maalumu: bolti zenye vichwa vya kona 12, ambazo zipo kwenye shafti na breki za baadhi ya magari; na plagi nyembamba za 14 mm zinazotumika kwenye injini kadhaa za BMW, Mini na Nissan, ambazo zinataka soketi ya kona 12 yenye ukuta mwembamba. Makasha mengi ya bei nafuu huja na kona 12 na hayasemi mbele kwa herufi kubwa. Fungua, angalia ndani ya soketi yenyewe.

Meno mengi au machache

Racheti hutangazwa kwa idadi ya meno, na watu wanaamini mengi ndiyo bora. Ukweli uko katikati. Meno 24 yanadai mpini usogee nyuzi 15 ndipo ushike jino linalofuata. Meno 36 ni nyuzi 10, meno 72 ni nyuzi 5, meno 90 ni nyuzi 4. Kwa mpini wa sentimita 20, nyuzi 15 ni mwendo wa sentimita 5 mwishoni mwa mpini. Nyuzi 5 ni chini ya sentimita 2. Ukiwa umelala chini ya gari, mkono umebanwa kati ya gia boksi na fremu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika au utaanza kufungua vitu vingine kutafuta nafasi.

Lakini jino dogo lina chuma kidogo. Watengenezaji wazuri hufidia kwa ulimi mpana unaokamata meno mengi kwa pamoja, na kwa chuma kilichopikwa vizuri. Njia nyingine ni ya kampuni ya GearWrench kwenye racheti zao za 120XP: gia ina meno 60, ila kuna ndimi mbili zinazopokezana, kwa hiyo mpini unashika kila baada ya nyuzi 3 bila meno kuwa madogo sana. Mtengenezaji mbovu anapunguza tu ukubwa wa meno na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa, na racheti hiyo itaruka siku utakapoiegemea kwa nguvu, ngumi yako ikaishia kwenye kona ya chuma. Kwa hiyo kanuni yangu ni rahisi. Kwa mtengenezaji unayemwamini, meno 72 ni chaguo zuri kwa 3/8. Ukilazimika kununua racheti ya bei ya chini kabisa, chukua yenye meno 36 hadi 48, kwa sababu jino kubwa husamehe chuma hafifu.

Kuliko idadi ya meno, mimi hujali zaidi jinsi racheti inavyorudi. Nati ikishalegea na kuzunguka kirahisi, racheti nzito ya kurudi huirudisha nati pamoja nayo, na hapo unabaki unapiga mpini mbele na nyuma nati ikicheza palepale. Jaribu dukani: shika mraba wa racheti kwa vidole viwili, zungusha mpini kinyume. Mraba ukitulia kati ya vidole huku meno yakilia taratibu, hiyo ni nzuri. Ukiyumba na kufuata mpini, iache.

Vichwa vya racheti ni vya aina mbili hasa. Cha mviringo kimefungwa na kinazuia vumbi zaidi, na swichi yake huwa ni bamba la kuzungusha. Kile chembamba chenye umbo la pea kinapenya sehemu finyu, na swichi yake ni kikono kidogo cha kusukuma kwa dole gumba. Kwa kazi za nyumbani napendelea cha pea, mradi kiwe na skrubu nyuma za kukifungua. Racheti inayofunguka inasafishika, na watengenezaji wengi wa maana huuza gia na ulimi wa kubadilisha. Ukiifungua, weka mafuta mepesi. Grisi nzito kwenye meno laini huweza kuuzuia ulimi usiingie sawasawa, na racheti ikaanza kuruka bila kosa lake.

Kitufe cha kuachia soketi kilichopo juu ya kichwa nakipenda kwa mtu mwenye mikono ya oili. Aliyekibuni alikuwa kijana mfanyakazi wa duka la Sears huko Marekani, Peter Roberts, aliyepata hataza yake mwaka 1965, kisha akaishitaki kampuni hiyo kwa kumlipa kidogo mno kwa kitu kilichouzwa kwa wingi. Racheti isiyo na kitufe inakulazimu kuvuta soketi iliyobanwa na kijigololo, na mikono ikiwa na oili hiyo ni kazi.

Inayong'aa au nyeusi

Soketi inayong'aa ni ya mkono. Kwa kawaida ni chuma cha kromu na vanadi, kigumu, chenye ukuta mwembamba unaoingia mahali finyu, na kimepakwa kromu ili kisishike kutu. Soketi nyeusi ni ya impakti, yaani mashine inayogonga huku ikizungusha. Nyingi ni za kromu na molibdeni. Chuma chake si kigumu sana ila ni kivumilivu kwa mapigo, na ukuta wake ni mnene.

Hapa hakuna mjadala wa ladha. Soketi inayong'aa ikitiwa kwenye impakti inaweza kupasuka na kurusha vipande vikali. Ukiwa na impakti, au unatarajia kuwa nayo, nunua nyeusi kwa saizi za tairi na miguu ya gari, na vaa miwani. Kinyume chake kinawezekana: soketi nyeusi inatumika vizuri kabisa kwa mkono, ila unene wake utakukwamisha kwenye rimu zenye matundu finyu ya nati. Kwa rimu hizo zipo soketi nyeusi za ukuta mwembamba, nyingine zikiwa na plastiki nje ili zisikwaruze.

Maneno "Chrome Vanadium" yaliyogongwa kwenye soketi usiyape uzito mkubwa. Yanataja mchanganyiko wa chuma, hayakuambii kilipikwa na kupozwa vipi, na ugumu unatoka huko.

Kasha kubwa, kasha dogo, au kimoja kimoja

Hesabu vipande vya kasha la 200 na kitu. Mara nyingi utakuta biti za bisibisi kwa makumi, funguo za L, na soketi zilezile zilizorudiwa kwa mraba wa 1/4 na 3/8. Makasha yaliyolenga soko la Marekani yana nusu ya soketi za inchi. Kama gari lako ni la Kijapani au la Kiulaya, nusu hiyo itakaa miaka bila kuguswa. Tena ina hatari yake: soketi ya 9/16 ina milimita 14.3, inaingia kwenye nati ya 14 bila kulalamika, inalegea kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kula kona. Ya 3/4 na ya 19 mm zinakaribiana sana kiasi cha kubadilishana bila madhara, lakini huo ni ujirani wa nadra.

Jambo la kuangalia kwenye kasha lolote ni saizi zinazorukwa. Watengenezaji wa bei ya chini hupenda kuruka 11, 15, 16 na 18. Kwa magari ya Kijapani unaweza usijue kabisa, maana kazi nyingi zinakwisha kwa 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Kwa magari ya Kiulaya utakwama siku ya kwanza: 13, 15, 16 na 18 zimejaa. Sababu iko kwenye viwango vya vichwa vya bolti. Bolti ya M8 ya Kijapani kwa kawaida ina kichwa cha 12 mm, na ya kiwango cha kimataifa cha ISO ina cha 13. Kwenye M10 ni 14 dhidi ya 16, na zile za kiwango cha zamani cha Kijerumani cha DIN zina 17. Magari ya Kiulaya pia yanadai biti za Torx, zenye umbo la nyota ya ncha sita, na soketi za Torx za nje zinazoandikwa E8, E10 na kuendelea.

Kasha dogo zuri la 3/8, lenye soketi fupi na ndefu kuanzia 8 hadi 19 bila kuruka hata moja, linamfaa mtu wa nyumbani kuliko kasha kubwa lenye kila kitu cha hali ya chini. Soketi ndefu usizione kama anasa. Nati iliyokaa kwenye uzi mrefu haifikiki kwa soketi fupi, na ukilazimisha inashika nusu kimo na kuteleza.

Kununua kimoja kimoja ndiyo njia ya polepole na mara nyingi ya gharama kubwa kwa kila kipande, lakini kila unachokinunua umekihitaji kweli. Naipendekeza kwa mraba wa 1/2: pawabaa, soketi ya nati za tairi zako, na moja au mbili za miguu ya gari. Huhitaji seti nzima ya nusu inchi mwaka wa kwanza.

Majina yaliyogongwa kwenye chuma

Juu kabisa kuna Snap-on, Stahlwille, Hazet, Gedore na Nepros. Ni vifaa vizuri mno, na anayeshika spana kutwa nzima kwa riziki yake ana haki ya kuvilipia. Anayefungua gari lake mwishoni mwa wiki hatapata faida inayolingana na bei. Ukipata racheti ya zamani ya mojawapo, iliyotumika lakini meno yake yako sawa, hiyo ni habari nyingine; chukua.

Katikati ndipo thamani ilipo kwa fundi wa nyumbani. Tekton, GearWrench, Bahco, King Tony, Toptul na KTC wote wanatengeneza soketi ambazo kona zake za ndani zimefikiriwa na saizi zake hazilegei. Nyingi kati ya za kundi hili hutengenezwa Taiwan, nchi ambayo viwanda vyake vya vifaa vya mkono vimekomaa. Usisome neno Taiwan kama dosari. Kwa soketi mimi hulisoma kama alama nzuri. Koken wa Japani wako juu kidogo ya kundi hili kwa bei, na soketi zao zina ukuta mwembamba na umaliziaji wa kupendeza. Kama utachagua kitu kimoja cha kujipendelea, soketi zao za 3/8 zinastahili.

Chini kuna Ingco, Total, Tolsen na Pittsburgh. Sisemi uzikwepe. Soketi za kundi hili zimekuwa bora kuliko zilivyokuwa zamani, na kwa kazi nyepesi zinatosha. Panapohitaji uangalifu ni kwenye racheti, ekstensheni (fimbo za kurefushia) na viungo vya kupinda, vitu vyenye sehemu zinazocheza. Mpango unaofanya kazi vizuri kwa mwenye hela kidogo ni kununua soketi za kona 6 za bei ya chini, kisha kuweka akiba yote iliyobaki kwenye racheti moja ya kundi la kati na pawabaa moja imara.

Kuhusu dhamana ya maisha, iulize swali la vitendo: kifaa kikivunjika, unakipeleka wapi? Dhamana ambayo inakutaka utume soketi ya 10 mm nchi nyingine kwa gharama yako ni maneno mazuri kwenye karatasi. Ukiwa karibu na muuzaji anayebadilisha papo hapo, hiyo ina uzito mkubwa kwenye uamuzi.

Ukiwa umeishika mkononi

Nenda dukani na bolti safi mfukoni, ya 10 mm na ya 17 mm. Valisha soketi juu ya bolti, shika kichwa kwa kidole, zungusha kushoto na kulia. Mchezo mdogo lazima uwepo. Ukihisi soketi inageuka sana kabla haijashika, au inainama upande kama kofia kubwa, irudishe.

Weka soketi kwenye racheti kisha uitikise ikiangalia chini. Isidondoke. Angalia kijigololo cha kwenye mraba: kirudi chenyewe ukikibonyeza. Chukua ekstensheni, ivingirishe juu ya kioo cha meza ya duka. Iliyopinda itaonekana ikiruka. Soma saizi iliyogongwa kwa umbali wa mkono ulionyooka. Utakuwa unaisoma chini ya gari, kwa tochi, na namba ndogo iliyofifia itakupotezea muda kila siku. Tazama kromu kwenye ukingo wa mdomo: kama imeanza kuvimba au kubanduka ikiwa bado mpya, ganda hilo litakuja kukukata kidole.

Mwisho funga kasha, libebe kwa mkono mmoja, likung'ute kidogo, lifungue tena. Vipande vikiwa vimemwagika nje ya nafasi zake, utaanza kupoteza soketi, na ya 10 mm huwa ya kwanza kupotea.

Ningemchagulia nini nani

Mwenye gari la Kijapani anayetaka kubadilisha oili, plagi, pedi za breki na tairi: kasha la 3/8 la kona 6, 8 hadi 19 mm, fupi na ndefu, racheti ya meno 72 ya kundi la kati, ekstensheni mbili za sentimita 7 na 15, soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani ya saizi ya injini yake (16 au 21 mm ndizo zinazokutwa zaidi), pawabaa ya nusu inchi na soketi ndefu ya nati zake za tairi.

Mwenye gari la Kiulaya: hayo hayo, akihakikisha 13, 15, 16 na 18 zipo, na kuongeza seti ya Torx kabla ya kitu kingine chochote.

Mwenye pikipiki au anayefanya kazi za ndani ya gari na umeme: kasha la robo inchi zuri litamtumikia kuliko la 3/8, na kwa ekseli atatafuta soketi moja moja kubwa.

Wote watatu, kabla ya kununua saizi ya ziada yoyote, wanunue spana ya torki ya kukaza, yaani inayopima nguvu unayokazia. Kiwango cha ISO 6789 kinaruhusu spana za kubofya (zinazolia zikifika kipimo ulichoweka) zenye uwezo wa zaidi ya Nm 10 kukosea hadi asilimia 4, na usahihi huo ni mkubwa kuliko wa mkono wowote unaobahatisha. Usiitumie kufungulia, na ukimaliza rudisha kipimo chake hadi namba ya chini kabisa ndipo uiweke kwenye kasha lake.